Resini badala ya saruji katika zege lenye nguvu kubwa: kwa nini vipande vya majaribio vilivunjika mapema

Swali, kwa ufupi: Msomaji anatengeneza vibao vya kufunika mifereji ya kiwandani inayopitisha maji yenye asidi. Anataka vibao vyembamba, vyenye nguvu ya mgandamizo ya megapaskali (kipimo cha kani kwa eneo) 80 au zaidi, naye ameamua kuacha saruji na kutumia resini ya poliesta, gundi ya majimaji ambayo huganda ikawa ngumu. Kwa jaribio la kwanza alichanganya resini asilimia 12 ya uzito wote, mchanga aliouanika juani, na kokoto za ukubwa mmoja. Baada ya siku 7 vipande vilivunjika kwenye megapaskali 38, na ndani aliona kokoto zimechomoka zikiwa safi. Anauliza kama kosa ni la resini yenyewe, kama aliitia kidogo mno, au kama ni afadhali arudi kwenye zege la saruji na kuliongezea epoksi, ambayo ni resini ya aina nyingine.

Jibu:

Ndugu msomaji, nashukuru kwamba hukuishia kutaja namba ya mashine ya kupimia bali ulikitazama pia kipande kilichovunjika, kwa sababu jibu la swali lako limo hasa katika zile kokoto safi. Zege la resini lililotengenezwa vizuri likivunjika, ufa hupita katikati ya mawe: ukishika nusu mbili za kipande utaona punje zimekatika, kila nusu ikibaki na upande wake wa punje. Kokoto ikichomoka nzima na kuacha kishimo laini chenye umbo lake, maana yake gundi haikulishika jiwe. Hapo resini yenyewe huenda ni imara kabisa, na jiwe ni imara, lakini mpaka kati yao ndio ulioachia. Kuongeza resini hakungeponya ugonjwa huo. Ungepata tu kipande ghali zaidi chenye udhaifu uleule.

Kabla sijaingia katika kasoro hizo, niseme jambo ambalo naliona ni la msingi kuliko namba ya 80. Ikiwa mtu anachotaka ni nguvu ya mgandamizo peke yake, hana sababu ya kukimbilia resini. Saruji ya kawaida ikipewa maji kidogo, yaani uwiano wa maji kwa saruji wa takriban 0.25 hadi 0.30, pamoja na kilainishi chenye nguvu cha kupunguza maji na vumbi laini la silika la asilimia 5 hadi 10 ya saruji, hufika megapaskali 80 na kuzipita, tena kwa gharama iliyo ndogo sana ukilinganisha na resini. Resini hustahili gharama yake pale kazi inapodai vitu ambavyo saruji haiwezi kutoa: kustahimili asidi, nguvu kubwa ya kuvutwa na kupindwa, kutopitisha maji, na kukomaa kwa saa chache badala ya siku 28. Kazi yako inadai viwili vya kwanza waziwazi. Kwa hiyo uamuzi wako ni sahihi, ingawa sababu uliyoitaja si ile inayoutetea.

Fikiria kibao kinavyofanya kazi. Hakisagwi kutoka juu kama nguzo. Kinakanyagwa katikati huku kikishikiliwa kandoni, hivyo upande wake wa chini unavutwa. Zege la kawaida hustahimili kupindwa kwa megapaskali 3 hadi 5 hivi, ilhali zege la resini hufika 15 hadi 25 bila taabu kubwa. Na kwa kuwa uwezo wa kibao kubeba mzigo hufuata mraba wa unene wake, nyenzo yenye nguvu ya kupindwa mara 4 inakuruhusu kupunguza unene hadi nusu. Hiyo ndiyo faida yako halisi. Lakini angalia upande wa pili wa mizani: ugumu dhidi ya kupinda hufuata unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe, kwa hiyo kibao cha nusu ya unene hubonyea mara 8 zaidi chini ya mzigo uleule, na zege la resini kwa kawaida lina ukakamavu mdogo kuliko la saruji. Ikiwa lako lina ukakamavu wa gigapaskali 20 na la saruji 30, mara 8 hiyo inakuwa mara 12. Kibao hakitavunjika, ila kinaweza kucheza chini ya mguu au kuachia kingo zake. Pima hilo katika hesabu kabla ya kukata kalibu, yaani umbo la kumwagia zege.

Sasa turudi kwenye vipande vyako. Naona makosa mawili yaliyosaidiana, na la kwanza ni unyevu. Mchanga ulioanikwa juani hudanganya macho: tabaka la juu hupauka na kuteleza vidoleni, huku sentimita chache chini yake ukibaki na maji yasiyoonekana. Tuseme mchanga na kokoto zako zilikuwa na unyevu wa asilimia 2 tu. Katika kila kilo 100 za mchanganyiko ulikuwa na kilo 88 za mawe, kwa hiyo ulibeba karibu kilo 1.8 za maji dhidi ya kilo 12 za resini. Katika zege la saruji maji hayo yangehesabiwa tu kama sehemu ya maji ya kuchanganyia. Kwenye resini ni adui. Uso wa jiwe hupenda maji kuliko unavyopenda resini, kwa hiyo utando mwembamba wa maji huwahi kulifunika jiwe na resini hukaa juu ya utando huo bila kuligusa lenyewe. Juu ya hayo, maji huvuruga kazi ya kiharakishi cha kobalti, yaani kiongezi kinachoharakisha kuganda, ndani ya poliesta, na resini hubaki haijakomaa vizuri.

Dawa yake haina njia ya mkato. Mchanga, kokoto na unga wa kujazia vyote vikaushwe kwenye tanuri la nyuzijoto 105 hadi 110 mpaka uzito wake uache kupungua, kisha vipoe ndani ya chombo kilichofungwa ili visinyonye tena unyevu wa hewa. Kanuni ya kawaida ni unyevu usiozidi asilimia 0.5, mimi hulenga usizidi 0.2, kwani tofauti hiyo ndogo huonekana wazi kwenye matokeo. Usichanganye mawe yakiwa bado ya moto, maana joto lake litaiharakisha resini na utajikuta unapigana na uji unaoganda kabla haujaingia kwenye kalibu. Kokoto zenye vumbi zioshwe kwanza, ndipo zikaushwe, kwa sababu vumbi la udongo huzuia resini kushika kama vile maji yanavyozuia.

Kosa la pili ni mpangilio wa ukubwa wa mawe, na hapa ndipo penye jibu la swali lako la kama asilimia 12 ilikuwa kidogo. Kiasi cha resini hakichaguliwi kwa kubahatisha. Mawe yenyewe hukuambia. Chukua ndoo ya lita 10, ijaze kokoto kavu huku ukiitikisa mpaka zikae, kisha mimina maji kwa chombo cha kupimia hadi yafike juu. Kwa kokoto za ukubwa mmoja utamimina lita 4 au zaidi kidogo, yaani zaidi ya asilimia 40 ya ndoo ni nafasi tupu. Rudia kwa mchanganyiko mkavu wa kokoto, mchanga wa punje kubwa, mchanga laini na unga wa mawe, kila ukubwa ukijaza mapengo ya ukubwa uliotangulia, na maji yatakayoingia yanaweza kushuka hadi lita 2 na kidogo.

Fuata hesabu ya hali hizo mbili. Resini ina uzito wa takriban kilo 1.15 kwa lita, na mawe ya itale au kwatzi takriban kilo 2.65. Kama nafasi tupu ni asilimia 42, kila lita ya zege inadai kilo 0.48 za resini na kilo 1.54 za mawe, yaani resini ni karibu asilimia 24 ya uzito. Kama nafasi tupu ni asilimia 22, inadai kilo 0.25 za resini na kilo 2.07 za mawe, yaani asilimia 11 hivi. Kwa hiyo asilimia 12 uliyotumia ingetosha kwa mawe yaliyopangwa vizuri, ila kwa kokoto zako za ukubwa mmoja, hata ukihesabu mchanga ulioutia, naamini uliacha mapengo mengi ya hewa ndani. Usikimbilie kuyajaza kwa resini. Resini ndiyo inayosinyaa, ndiyo inayotoa joto, ndiyo inayolegea chini ya jua, na ndiyo inayobeba gharama. Zege zuri la aina hii ni lile lenye mawe mengi kadiri inavyowezekana na resini inayotosha tu kulivika kila jiwe na kujaza kilichobaki. Watengenezaji wengi hufanya kazi kati ya asilimia 10 na 20, na wanaokaa karibu na 10 ndio waliotaabika zaidi katika kupanga mawe yao.

Kuhusu aina ya mawe, usitumie mawe ya chokaa. Kwa nguvu peke yake yangekufaa, lakini mifereji yako ina asidi, nayo asidi itayala mawe hayo kutoka usoni kuelekea ndani hata kama resini inayoyazunguka haijaguswa. Tumia itale na mchanga wa kwatzi, na unga wa kujazia uwe wa silika. Kwa mawe ya jamii hiyo, kuna msaada unaoitwa silani, kimiminika kinachotiwa kwa kiasi kidogo sana, ambacho molekuli yake hushika jiwe kwa upande mmoja na resini kwa upande mwingine. Kwa tatizo la kokoto kuchomoka safi, hakuna nyongeza ninayoiamini zaidi ya hiyo, mradi umeshakausha mawe. Silani haikuja kufidia unyevu.

Resini yenyewe pia inahitaji kuchaguliwa kwa asidi unayoijua. Poliesta ya kawaida inayotumika kwa kazi za jumla ni dhaifu mbele ya kemikali. Ile ya aisofthaliki ni bora, na vinili esta ni bora zaidi kwa asidi kali na kwa joto. Epoksi hushika vizuri kuliko zote na husinyaa kidogo inapoganda, lakini baadhi ya asidi, hasa zile za kikaboni kama asidi ya siki, huidhuru zaidi kuliko zinavyoidhuru vinili esta. Mtengenezaji wa resini hutoa jedwali la kemikali, kiwango cha ukali na joto. Ombeni jedwali hilo mkiwa na jina la asidi mkononi. Kusinyaa nako kuna uzito wake: poliesta hupungua takriban asilimia 5 hadi 8 ya ujazo inapoganda, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka mawe mengi na resini chache.

Kuna tofauti moja ya uchanganyaji ambayo watu huikosea mara kwa mara. Katika poliesta na vinili esta, peroksaidi ni kichocheo: huanzisha mmenyuko, na kiasi chake, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, kinaweza kurekebishwa kidogo kulingana na joto la siku. Katika epoksi, kigumishi si kichocheo bali ni nusu ya pili ya gundi, na kila molekuli yake inatafuta mwenzake. Epoksi ya kawaida yenye uzito wa 190 kwa kila kundi la epoksi (sehemu ya molekuli inayoungana na kigumishi), ikitumiwa na kigumishi chenye uzito wa 24.3 kwa kila haidrojeni tendaji (sehemu yake inayoungana na epoksi), inahitaji gramu 12.8 za kigumishi kwa kila gramu 100 za resini. Ukiongeza hadi 18 ili igande haraka, kigumishi cha ziada kitabaki ndani bila mwenzi, na zege litakuwa laini na lenye kunyonya maji. Pima kwa mizani, usipime kwa macho wala kwa vifuniko vya chupa.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Peroksaidi ya poliesta na kiharakishi cha kobalti visigusane kamwe vikiwa peke yake, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kuwaka au kulipuka. Kobalti huchanganywa kwanza kabisa ndani ya resini, ikaenea, ndipo peroksaidi inaongezwa, na kila kimoja kiwe na chombo chake cha kupimia. Tone la peroksaidi hiyo likiingia jichoni linaweza kumpofusha mtu, kwa hiyo miwani ya kuziba pande zote ivaliwe tangu chupa inapofunguliwa, na maji ya kuoshea macho yawe hatua chache tu kutoka hapo. Stairini iliyomo ndani ya poliesta hutoa mvuke unaoshika moto kwenye nyuzijoto 31 hivi, yaani joto la kawaida la mchana katika sehemu nyingi, basi pasiwe na cheche wala moto, na hewa ipite.

Jambo la unene nalo nimelijua kwa gharama. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii nilishiriki kumwaga kitako cha mashine kwa resini, unene wa sentimita 30, kwa mkupuo mmoja. Juu kilionekana kizuri. Baada ya saa moja na nusu tulianza kusikia harufu kali, na ukigusa kalibu kwa nje ulilazimika kuuvuta mkono haraka kwa joto. Kesho yake tulikikata na kukuta ufa umeanzia katikati na kutawanyika kama mizizi. Mmenyuko wa resini hutoa joto, joto huharakisha mmenyuko, na katikati ya kitu kinene joto halina pa kutokea. Vibao vyako vya sentimita chache haviko katika hatari hiyo, lakini usihifadhi mchanganyiko uliokwisha kutiwa kichocheo ndani ya ndoo iliyojaa ukingoja kalibu inayofuata. Changanya kidogo kidogo.

Umeuliza pia juu ya kuongeza epoksi kwenye zege la saruji. Ukimaanisha epoksi ya kawaida ya makopo mawili iliyomwagwa kwenye zege bichi, jibu langu ni hapana: haichangamani na maji, hubaki matone matone, na mara nyingi hupunguza nguvu badala ya kuiongeza. Kinachofanyika kwa mafanikio ni kutumia polima (jamii ya plastiki na mpira) iliyokwisha kusambazwa kwenye maji, kama vile mpira wa stairini na butadieni, kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa saruji ukihesabu yabisi tu. Zege hilo hushikana vizuri na zege la zamani, hupitisha maji kidogo na hupinda zaidi kabla ya kupasuka, lakini nguvu yake ya mgandamizo haipandi sana na wakati mwingine hushuka. Ukomaaji wake pia ni tofauti: linafunikwa likiwa na unyevu kwa siku moja au mbili, kisha linaachwa likauke, kwa kuwa utando wa polima hauundiki ndani ya maji. Kwa ukarabati wa sakafu na madaraja ni nyenzo nzuri mno. Kwa mfereji wako, kiunganishi kikuu kingebaki kuwa saruji, na asidi ingeikuta.

Ipo njia ya tatu ambayo naitaja kwa sababu inaeleza mengi juu ya nguvu ya zege. Katika miaka ya 1960, Maabara ya Taifa ya Brookhaven nchini Marekani ikishirikiana na idara ya serikali inayosimamia mabwawa ilichukua zege la saruji lililokwisha komaa, ikalikausha, ikalinyonyesha metili metakrileti, kimiminika kinachoweza kugandishwa kuwa plastiki, kisha ikaigandisha humohumo ndani ya vitundu vya zege. Zege la takriban megapaskali 35 liliweza kufika karibu 140. Saruji ilikuwa ileile na mawe yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba vitundu vilijazwa. Njia hiyo inahitaji matanuri, mapipa ya kuondolea hewa na tahadhari kubwa ya moto, na kwa vibao vya mfereji sikushauri. Lakini ikumbuke kila utakapotikisa kalibu yako, kwa sababu hewa unayoiacha ndani ndiyo nguvu unayoipoteza.

Limebaki suala la joto, ambalo kwa zege la resini ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Resini inayogandishwa bila kupashwa moto huanza kulegea mahali fulani kati ya nyuzijoto 45 na 65 kwa epoksi nyingi, na poliesta hutegemea aina yake. Kibao cheusi kilicho juani, au kinachofunika maji ya moto kutoka kiwandani, hufika huko kwa urahisi. Ndani ya joto hilo zege halivunjiki ghafla, bali hulegea na kubonyea polepole chini ya mzigo wa kudumu. Moto wa kweli huliharibu kabisa, kwa hiyo lisiwekwe mahali panapotegemewa kubeba jengo wakati wa moto. Hutanuka pia zaidi: zege la saruji la urefu wa mita 10 likipanda nyuzijoto 30 hurefuka takriban milimita 3, na la resini linaweza kurefuka milimita 6, kwa hiyo acha nafasi kati ya kibao na kibao, wala usivifunge kwa nguvu kwenye kingo za saruji.

Kwa jaribio lako linalofuata, kausha kila kitu kwenye tanuri, pima nafasi tupu kwa ndoo na maji ukitumia sampuli nyingine, si ile utakayoichanganya, kisha tia resini inayozidi kidogo tu kiasi kilichopimwa. Koroga resini na kichocheo kwa dakika mbili au tatu ukikwangua pembe za chombo, ndipo uimimine juu ya mawe makavu. Paka kalibu nta au zifunike kwa karatasi ya nailoni ya poliethilini, ambayo resini haishikani nayo, na funika uso wa juu pia, maana oksijeni ya hewa huzuia poliesta kuganda na huacha uso unaonata. Tengeneza vijiti vya milimita 40 kwa 40 kwa 160 vya kupimia kupinda, kwa kuwa kupinda ndiko kutakakovunja vibao vyako. Nusu yake vivunje kwenye joto la kawaida, na nusu nyingine vikae saa kadhaa ndani ya tanuri la nyuzijoto 60 na vivunjwe mara tu vitakapotolewa, vikiwa bado na joto hilo. Zingatia matokeo ya kundi hili la pili katika hesabu ya unene, na baadhi ya vijiti vivitumbukize wiki kadhaa kwenye maji halisi ya mfereji huo kabla ya kuvivunja. Kila kimoja kikishavunjika, geuza nusu zake kwenye mwanga na uhesabu kokoto zilizokatika na zile zilizochomoka.